Roli yako ya Mbagala na mlingoti wa Brazili

Msomaji wetu ameuliza hivi: "Shikamoo mtaalamu. Nina karakana ndogo Mbagala, tunakata tishu kutoka kwenye roli kubwa tunazoagiza China. Kila nikiomba bei mpya, muuzaji ananiambia rojo ya mbao ya Brazili imepanda. Nikaingia mtandaoni kutafuta takwimu za China kununua rojo Brazili. China ina namba yake, Brazili ina yake, na mwaka wa bei ya chini ndio mizigo mingi zaidi. Mwelekeo hasa ni upi? Na huyu bwana ananidanganya?"

Marahaba, kijana wangu. Nianze na la mwisho, maana naona ndilo linalokukera. Kuhusu Brazili hakudanganyi. Anachofanya ni kukuchagulia miezi ya kukutajia Brazili. Ili uweze kumbana inabidi uijue biashara yenyewe, kwa hiyo vumilia, jibu lina urefu wake.

Rojo ya mbao, ambayo viwandani wengi husema palpu, haisafiri ikiwa rojo. Inasafiri ikiwa kavu, makaratasi manene meupe mfano wa kadibodi, yamepangwa na kubanwa kuwa belo. Belo la mitumba unalijua. Hili lina kilo 250 hivi, limekazwa kwa waya, na hata kifuniko chake ni karatasi ya rojo ileile ili nacho kitupwe mashineni kisipotee bure. Mabelo manane hufungwa pamoja kuwa mzigo mmoja wa tani mbili. Mara ya kwanza kulishika nilichana kona, nikaona ukingoni nyuzi zimesimama kama pamba. Nikakitumbukiza kipande kwenye glasi ya maji na kukikoroga kwa kalamu. Kabla chai yangu haijapoa kilikuwa uji. Uji huo ndio kiwanda cha China kinaumwaga juu ya wavu unaokimbia, kinaukausha, na roli yako inazaliwa.

Sasa kuna rojo za aina mbili ambazo lazima uzitenganishe kichwani. Ya nyuzi ndefu hutoka kwenye miti ya baridi kama misindano, nyuzi zake zina milimita mbili hadi tatu na zaidi, na kazi yake ni kuipa karatasi nguvu isichanike. Ya nyuzi fupi hutoka kwenye mikaratusi, ile ambayo sisi wa Iringa na Njombe tunaiita milingoti, na nyuzi zake hazizidi milimita moja. Hii ndiyo inayoleta ulaini. Tishu nzuri ni fupi kwa wingi na ndefu kidogo ya kuishikilia. Nyuzi ndefu China hununua Kanada, Finland, Chile, Urusi na Marekani. Nyuzi fupi inanunua kwingi pia, Indonesia na Uruguay zikiwemo, lakini Brazili ndiyo mkubwa wao.

Kwa nini Brazili? Wabrazili hawakuwa na mlingoti, ni mti wa Australia. Mwanzoni mwa karne iliyopita Edmundo Navarro de Andrade aliupanda kwa ajili ya kampuni ya reli jimboni São Paulo, ili treni za wakati ule zipate kuni. Baadaye, miaka ya 1950, familia ya Feffer, wenye kampuni ya Suzano, ikahangaika kuthibitisha kwamba mti huo wa kuni unaweza kutoa rojo ya karatasi nzuri. Mwaka 1966 serikali ikatoa nafuu ya kodi kwa wanaopanda miti, na mashamba yakatapakaa. Leo mlingoti wa Brazili unakatwa ukiwa na miaka sita au saba. Kule Finland mti wa rojo unaweza kusubiri miaka sitini. Hebu piga hesabu ya mkopo wa benki kwa miaka sita na kwa miaka sitini, utaelewa kwa nini mabelo yanatoka Santos, bandari ya Brazili.

Halafu kuna suala la kiwanda. Magogo hukatwa vibanzi, yakapikwa kwa magadi makali na kemikali ya salfa kwenye nyuzijoto 160 na zaidi, mpaka ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi iyeyuke. Karibu nusu ya mti inakuwa rojo. Nusu nyingine, ule mchuzi mweusi, inachomwa kwenye tanuri kubwa na kutoa mvuke na umeme, kiasi kwamba viwanda vipya vinauza umeme wa ziada kwenye gridi. Ndiyo maana kiwanda bora cha Brazili kinaweza kutoa tani moja kwa gharama ya fedha taslimu isiyofika dola 200, kabla ya meli na madeni. Kumbuka namba hiyo, nitaihitaji mbele.

Upande wa China, mengi husemwa na mengine yametiwa chumvi. Ni kweli kwamba baada ya mafuriko makubwa ya mto Yangtze mwaka 1998 China ilianza kufunga misitu yake ya asili, na kufikia 2017 ukataji wa kibiashara katika misitu hiyo ukapigwa marufuku nchi nzima. Ni kweli pia kwamba mwaka 2017 ilitangaza vita dhidi ya taka za nje. Karatasi chakavu, ambazo mwaka 2016 ilinunua zaidi ya tani milioni 28, zikashuka mwaka hadi mwaka mpaka marufuku kamili ya Januari 2021. Watu wakahitimisha kwamba pengo lile lilizibwa na Brazili. Si hivyo hasa. Karatasi chakavu nyingi zilikuwa za kutengeneza maboksi ya kahawia, na mlingoti mweupe hauchukui nafasi ya boksi. Pengo la maboksi lilizibwa zaidi na karatasi za kahawia zilizotengenezwa nje na rojo ya karatasi chakavu iliyochakatwa nchi jirani kama Malaysia na Thailand. Brazili ilipata faida ya pembeni. Kilichoivuta kwa nguvu ni Mchina wa kawaida anayenunua tishu na karatasi nyeupe zaidi kuliko alivyonunua baba yake, na vifungashio vyeupe vya dawa, simu na vipodozi.

Haya, namba. Jumla ya rojo zote ambazo China iliagiza, kutoka nchi zote, ilikuwa karibu tani milioni 27 mwaka 2019. Mwaka 2020 ikafika milioni 30.6, kisha 29.7 mwaka 2021 na 29.2 mwaka 2022. Halafu 2023 ikaruka mpaka milioni 36.7. Mwaka 2024 ikarudi kwenye 34 na kitu. Kwa Brazili, uzalishaji umekuwa tani milioni 25 hivi kwa mwaka, milioni 19 hivi zinauzwa nje, na China peke yake inachukua zaidi ya asilimia 40 ya hizo.

Mruko wa 2023 ndio uliokushangaza, na una haki. Wachina hawakuanza ghafla kupangusa zaidi kwa robo nzima ndani ya mwaka mmoja.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 2022 bei ya rojo ya mlingoti China ilipanda mpaka dola 850 na zaidi kwa tani. Meli zilikuwa hazipatikani, viwanda vya kampuni ya UPM huko Finland vilikuwa kwenye mgomo wa miezi, na vita vya Ukraine vilikata mbao za Urusi zilizokuwa zikienda Ulaya. Viwanda vya tishu vya China vikala akiba ya ghalani, vikinunua kwa kudonoadonoa. Kisha, karibu kwa pamoja, kampuni ya Arauco ya Chile ikawasha kiwanda chake kipya na UPM ikawasha cha Uruguay mwezi Aprili 2023. Rojo ikamwagika sokoni. Kufikia katikati ya mwaka bei ilikuwa chini ya dola 500. Mwenye ghala tupu akiona bei ya namna hiyo anafanya nini? Anajaza. Wengine walijaza mpaka bandarini hapakuwa na pa kuweka mguu.

Kwa hiyo mstari wa uagizaji wa mwaka kwa mwaka unakuonyesha ghala kuliko unavyokuonyesha matumizi. Bei ikiwa juu mzigo unapungua, bei ikianguka mzigo unaongezeka, na aliyezoea kufikiri kwamba wingi wa mizigo ndio hupandisha bei anajikuta amesoma gazeti kichwa chini. Hata thamani ya fedha inaenda njia yake. Mwaka 2024 Brazili iliuza nje rojo ya zaidi ya dola bilioni 10, kutoka chini ya bilioni 8 mwaka uliotangulia, ilhali tani zenyewe zilikuwa karibu zilezile. Aliyetazama dola akaona mapinduzi, aliyetazama tani akaona hali ya kawaida. Wote wawili wamesoma vizuri.

Ukitaka mwelekeo halisi, chukua wastani wa miaka mitatu mitatu. Hapo unaona mlima wa taratibu unaopanda tangu mwaka 2009, mwaka ambao China iligeuka kuwa mshirika mkubwa kuliko wote wa biashara wa Brazili. Unaona pia viwanda vikihamia bara, kwenye jimbo la Mato Grosso do Sul, penye malisho ya zamani ya ng'ombe. Suzano, iliyoimeza kampuni nyingine ya rojo, Fibria, Januari 2019, iliwasha kiwanda cha Ribas do Rio Pardo Julai 2024: tani milioni 2.55 kwa mwaka kwenye mstari mmoja. Arauco inajenga kingine Inocência, jimbo hilohilo, cha tani milioni 3.5. Hakuna mtu anayejenga vitu vya ukubwa huo kwa ajili ya soko la São Paulo.

Meli nazo zimezoea njia. Kampuni ya meli ya COSCO ya China ina meli maalumu za kubeba rojo, na kwa kuwa zingerudi Brazili tupu, wamebuni fremu za kukunja ambazo juu yake wanapanga magari. Magari ya Kichina yanakwenda, mabelo yanarudi. Nilipoona picha ya ndani ya meli ile niliwaonea wivu, maana sisi kontena nyingi za Dar zinarudi Asia zimejaa upepo.

Kuhusu namba za nchi mbili kutolingana, hilo lisikunyime usingizi. Brazili huandika thamani ya mzigo ukiwa bandarini kwake, bila nauli. China huandika thamani ukiwa umefika, nauli na bima ndani yake. Safari ni mwezi na nusu hivi, kwa hiyo meli iliyoondoka Santos katikati ya Desemba ni ya mwaka huu kwa Mbrazili na ya mwakani kwa Mchina. Uzito nao una mambo yake, kwani rojo huuzwa kwa tani kavu ya hewani, inayohesabiwa kuwa na unyevu wa asilimia 10, ilhali mzani wa forodha unapima ilivyo. Kosa ambalo vijana wengi hulifanya ni kuchanganya namba za forodha. Wewe unataka 4703.29, rojo nyeupe ya kemikali ya miti isiyo jamii ya misindano. Ukichukua sura yote ya 47 utakuwa umebeba rojo ya kutengenezea nyuzi za nguo, iliyoko 4702, rojo ya karatasi chakavu ya 4706, na chakavu zenyewe za 4707. Zote zina bei zao na sababu zao.

Je, mlima huo utapanda milele? Sidhani. China sasa inajenga viwanda vyake vya rojo huko Guangxi, Fujian na kwingineko pwani, na kwa kuwa haina miti ya kutosha inanunua vibanzi vya mbao, hasa kutoka Vietnam. Kiwanda cha karatasi chenye mtungi wake wa kupikia hakihitaji belo la Santos, kinahitaji lile la ziada tu. Hii ndiyo nguvu mpya inayobana bei kutoka juu. Mwaka 2025 bei ilirudi kwenye jirani ya dola 500, na mwezi Agosti Suzano ilitangaza kupunguza uzalishaji wa rojo ya sokoni kwa asilimia 3.5 kwa miezi 12. Unakumbuka gharama yao haifiki 200? Mwenye gharama ya chini kuliko wote akianza kubana mfereji, jua wenye viwanda vikuukuu Ulaya na Kanada wanatokwa jasho. Miezi miwili kabla yake kampuni hiyohiyo ilikubali kulipa dola bilioni 1.7 na kitu ili kumiliki asilimia 51 ya biashara ya tishu ya kimataifa ya Kimberly-Clark, kampuni ya Marekani. Muuza unga kaamua kununua na mkate.

Turudi Mbagala.

Tani moja ya tishu ya rojo safi hula tani moja ya rojo na kidogo ya upotevu. Kwa hiyo rojo ikipanda dola 100, roli yako ina haki ya kupanda dola 100, tuseme 110. Akikuongezea 250 kwa jina la Brazili, mwulize zile 140 ni za nani. Pili, kuna kuchelewa. Bei inayokubaliwa leo Santos ni rojo itakayofika China baada ya mwezi na nusu, ikae ghalani, ipite mashineni, roli ipande meli, ije Dar. Ni miezi mitatu hadi minne, na kwa mwenye ghala lililojaa ni zaidi. Anayekupandishia bei wiki ileile habari ilipotoka anakuuzia rojo aliyoinunua kwa bei ya zamani. Tatu, na hili ndilo swali la kumwuliza kabla ya mengine yote: katikati ya 2023, rojo ilipoanguka kwa zaidi ya dola 300, alikupunguzia shilingi ngapi? Chukua ankara zako za 2022 na 2023, ziweke mezani. China ina mashine za tishu nyingi kuliko soko lake linavyohitaji, viwanda vinagombania wateja. Punguzo lilikuwepo. Kama halikukufikia, lilikwama kwa mtu.

Mwulize pia kama roli yenyewe ni ya rojo safi ya mbao. Kuna tishu nyingi za mianzi, za Sichuan hasa, na nyingine za karatasi chakavu. Hizo Brazili haizihusu moja kwa moja, hata ikipanda mpaka mbinguni.

Na kuna jambo ambalo hukuliuliza, ingawa nahisi ndilo lililokuumiza zaidi. Tishu ni nyepesi. Kontena la futi 40 linajaa kabla halijawa zito, linabeba tani kumi na kitu. Chukulia tani 12: nauli ikiwa dola 2,400 ni dola 200 kwa kila tani, nauli ikiwa 4,800 ni 400. Yaani nauli ikipanda mara mbili inaweza kukupiga kuliko mlingoti wenyewe. Tangu mwisho wa 2023, meli zilipoanza kuikwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, makontena yalikuwa adimu hata kwenye njia zisizopita huko, na katikati ya 2024 nauli zilipanda vibaya. Rojo nayo ilikuwa juu miezi hiyohiyo. Muuzaji akaona bora ataje moja tu. Mwombe atenganishe kwenye ankara: bei ya roli kiwandani mstari wake, nauli mstari wake. Akikataa umeshapata jibu.

Wapo watakaokuambia nunua kiwanda chetu cha karatasi cha Mgololo, uachane na Wachina. Napapenda Mgololo, nimekulia jirani, lakini kiwanda kile kimejengwa juu ya misindano ya msitu wa Sao Hill, kwa karatasi za kahawia za mifuko na vifungashio. Rojo nyeupe ya mlingoti ni mtaji mwingine kabisa.

Kwa kufuatilia, huhitaji kulipia majarida. Soko la Shanghai limekuwa na mikataba ya kununua na kuuza rojo ya siku zijazo tangu Novemba 2018 na bei zake zinaonekana bure. Ni ya nyuzi ndefu na ni kwa yuan, kwa hiyo usichukue namba, chukua uelekeo. Kampuni kubwa za Brazili zimeorodheshwa kwenye soko la hisa na hutoa ripoti kila robo mwaka, na ndani yake huandika wastani wa bei waliyouzia nje. Weka daftari, andika kila mwezi bei ya rojo na bei yako ya roli bandarini bila nauli. Ukifika mwezi wa nane au wa tisa utakuwa unamjua muuzaji wako kuliko anavyojijua.

La mwisho, pima gramu. Wengi wanaogopa karatasi nyepesi. Wewe unayenunua kwa tani uogope nzito: ukiagiza gramu 15 kwa mita ya mraba, tani moja inakupa mita za mraba 66,667, wakikuletea gramu 16 unapata 62,500, na bei kwenye ankara haijabadilika hata senti. Kata vipande 100 vya sentimita 10 kwa 10 kutoka roli tofauti za kontena moja, hiyo ni mita moja ya mraba kamili. Mzani wa jikoni hautakusaidia. Nenda kwa sonara yeyote Kariakoo, mwombe akupimie kwenye wa dhahabu.